Punje Kumi na Tisa Mlangoni kwa Wesonga

Wesonga alikuwa mchimba vyoo. Aliingia Kibera mwaka wa 1969 akitoka Busia, akakosa kibarua cha reli, akashika jembe. Choo kikijaa alikifukia na kuchimba kingine kando, na mwenye nyumba akajenga chumba juu ya kile cha zamani. Wapangaji hawakuambiwa. Hivyo hakuna mtu aliyeijua Lindi, mtaa wetu ndani ya Kibera, kutoka chini kama yeye.

Mwaka wa 1983, mvua zilipoisha, kuhara kuliwaangusha watoto. Sista Kanini, muuguzi wa zahanati ya kanisa, alitaka kujua ugonjwa unatoka wapi, lakini ramani aliyopewa mjini ilionyesha Lindi kama pori tupu. Nimepotea katika miji mingi nikiwa na ramani mkononi. Sijawahi kuona moja iliyofuta watu namna hiyo. Nilimsindikiza kwa Wesonga.

"Baba Sella, nichoree hii mtaa."

"Mimi, sista? Mimi nachoranga na jembe."

"Kwani jembe na makaa ni tofauti gani? Chora."

Alipasua mfuko wa simiti, akautandaza sakafuni. Hakuanza na njia. Alianza na mashimo yake, duara moja baada ya jingine, kisha nyumba zikajaza nafasi zilizobaki. Sista akasoma majina kutoka kitabu cha zahanati, na kwa kila mtoto Wesonga akaweka punje ya mahindi juu ya nyumba yake. Mke wake, Nabwire, aliyeuza maji kwenye mfereji wao wa bomba nje, alichungulia mlangoni.

"Wacha! Leo mzee ni mwalimu! Baadaye utachapa nani?"

Sote tulingoja punje zirundikane kando ya mto, kule kwenye taka. Kule zilikuwa mbili. Kumi na tisa zilizunguka mlango wa Wesonga mwenyewe, na nyingine moja ilikuwa ndani: Sella, binti yao wa pekee, waliyempata baada ya miaka kumi na miwili ya ndoa. Alikuwa amelala nyuma ya pazia tangu Jumapili.

Nabwire aliona pale tulipokuwa tukitazama.

"Maji yangu ni ya kanjo, ya paipu ya jiji!" alifoka. "Ni safi. Hata Sella ndiyo nampa, kila saa, joto ishuke."

Wesonga alichukua makaa, akachora paipu aliyoilaza mwenyewe kutoka barabarani hadi mferejini. Mstari ulikata duara moja katikati. Choo cha 1971.

Tulichimba hapo, kando ya chumba cha Mutie, seremala kutoka Kitui. Paipu ilikuwa imeungwa kwa mpira wa baiskeli, nao ulikuwa umeoza ndani ya tope jeusi. Maji ya mtaa yalipotea tukiwa bado tunatazama, kama yalivyozoea kupotea mchana. Paipu tupu ikaanza kufyonza. Tope likaingia kwenye ule mpira kwa mlio wa mtoto anayemalizia uji. Nabwire alipiga kelele, akakimbia nyumbani. Alimbeba Sella mgongoni hadi hospitali, Sista Kanini akitangulia.

Wesonga aliikata paipu kwa jembe. Mutie alikuwa amesimama mlangoni kwake. Mwanawe wa mwisho alikuwa mojawapo ya zile punje kumi na tisa. Walikuwa wamemzika juzi.

"Ulijua?" Mutie aliuliza.

"Choo nilijua iko hapa. Paipu nikalaza haraka, sikufikiria."

"Hukufikiria."

"Hapana."

Mutie aliingia ndani, akatoka na sururu. Nilisogea katikati yao bila kujua nitafanya nini. Wesonga hakurudi nyuma.

"Lindi iko na paipu ngapi zingine zimepita kwa mashimo yako?"

"Sijui. Sijawahi hesabu."

"Leta hiyo karatasi," Mutie alisema. "Twende sasa hivi."