Gari la Kwanza Niliendeshea Kitandani

Kwetu Waluhya, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani hovyo. Hawapeani mikono, hawaketi kiti kimoja, na mama mkwe akija kwako ni lazima akukute umevaa ukavalika. Sasa jaribu kuyatimiza hayo katika chumba kimoja cha mabati huku mtaani Kianda, ambamo kitanda ndicho kiti cha wageni.

Kaka ya mke wangu hutengeneza sofa Kawangware na ana pikapu ya kuzipeleka kwa wateja. Dereva wake alipoacha kazi, mama yao, kutoka kijijini, alimwambia anichukue mimi, hata nipumzishe kuta za nyumba ninazoegemea kutwa bila kazi. Shemeji akanipigia simu.

"Jifunze ya mwanzo mwanzo tu, usije ukaogopa gari. Nikiona unaweza, nakupeleka shule ya udereva, pikapu ni yako kuendesha."

Tangu nimalize fomu foo sikuwa nimeahidiwa kitu kikubwa hivyo. Mtu mwingine angetafuta rafiki mwenye gari. Mimi niliwafikiria wale vijana wanaoketi juu ya ukuta wa uwanja kuwacheka wanaojifunza, nikaghairi. Kwa hiyo nikaazima mashine ya gemu kwa jirani na kuiunga kwenye TV yetu, ambayo spika yake ilikuwa imekufa zamani.

Gemu ile ilikuwekea magari matatu uchague la kuanzia. Kulikuwa na kagari keupe, kafupi kama friji iliyolazwa. Kulikuwa na la bluu, la katikati. Halafu kulikuwa na jeusi, pana, la magurudumu manene. Chini ya kale keupe walikuwa wameandika kwamba kanamfaa anayeanza. Nikaona ni matusi. Mimi nimekulia mahali mtu huacha matatu tupu ipite akingoja yenye rangi na muziki. Nikachukua jeusi, na kabla halijatembea hata kidogo nikalichora ndimi za moto ubavuni. Kwenye kona ya kwanza lilizunguka, likabaki linatazama nilikotoka.

Mke wangu alikuwa anapita na beseni, anaelekea Laini Saba kwenye cherehani yake.

"Umenunua moto na hujui kupika," akasema. "Chukua kale kadogo, baba."

Nikachukua. Na kweli kalinifundisha. Unafunga breki gari likiwa bado limenyooka, ndipo unakata kona, ndipo unarudisha mafuta polepole. Macho yaangalie unakoenda. Ukiutazama ukuta, utaupata. Baada ya siku kadhaa nilikuwa napita kona zote bila kukwaruza, na kichwa kikanivimba. Nikaona vidole gumba havitoshi, mwili mzima ujue. Kila mbio zikiisha, gemu ilikuwa inakurudishia ulivyoendesha, kama sinema. Nikawa naketi kitandani, kifuniko cha sufuria mikononi ndio usukani, mwiko umechomekwa kando ya godoro ndio gia. Na kwa kuwa TV haikuwa na sauti, injini nilikuwa natoa kwa mdomo.

Mchana ambao mama mkwe alikuja, nilikuwa na vesti, na kiunoni leso ya mke wangu, maana suruali niliyokuwa nimefua ilikuwa kwenye kamba nje. Alikuwa amefikia Kawangware, na shemeji akaamua amlete anisalimie. Walipiga hodi, wanasema. Mimi nilikuwa kwenye mteremko, injini inalia, nimelalia kona na mwili wote. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto la mabati, pazia tu. Shemeji akalifunua. Nilipoona mwanga niligeuka, kifuniko na mimi.

Mama mkwe akageuka haraka zaidi yangu. Akanipa mgongo, akawa anaongea na tangi la maji la jirani.

"Hujambo, mkwe."

"Sijambo, mama. Karibu."

"Tutakaribia. Fika kwanza."

Shemeji alikuwa ameshika mlango asianguke kwa kicheko. "Niaje, dereva. Vuta hendibreki, uvae suruali."

Ilibidi nimwombe aniletee. Ilikuwa inaning'inia karibu na bega la mama yake, na mama akasogea mbali nayo kama mtu aliyeona nyoka. Niliivaa ikiwa na maji.

Chai hatukunywa. Pikapu ilikuwa imeegeshwa barabarani, upande wa Olympic, na shemeji akataka kuona nimejua nini. Mama mkwe alisimama ng'ambo, karibu na kibanda cha mboga, ameshika sukuma mkononi kana kwamba atanunua zote. Niliingia, nikashika usukani vizuri, nikawasha. Halafu nikaangalia miguuni.

"Shemeji, hii ya tatu ni ya nini?"

Alinitazama. Hakucheka safari hii. "Hiyo ni klachi."

Gemu ilikuwa ikinibadilishia gia yenyewe, muda wote huo. Mwiko ulikuwa pambo. Pikapu iliruka, ikazima. Iliruka tena, ikazima. Watu wa boda wakaanza kusogea.

"Buda, hiyo ni gari, usiichape kama mbuzi."

Mama mkwe aliweka sukuma chini. Alimwambia mwanawe, kwa Kiluhya, kwa sauti ya kunifikia bila kunielekea: "Mkwe wangu ana mikono yenye nguvu. Mpe ya kubeba."

Ndivyo nilivyokuwa taniboi, mpakia mizigo wa pikapu. Dereva alipatikana kijana mwingine wa Kawangware, na safari yangu ya kwanza ilikuwa kumpeleka mama mkwe kupanda basi la kurudi kijijini. Yeye alikaa mbele na dereva, mimi nyuma na mizigo, na kwa mara ya kwanza niliishukuru mila. Tulipofika nikamshushia kila kitu, nikakipanga miguuni pake nikitazama chini.

Mama mmoja kwenye foleni akamuuliza, "Huyu kijana wako wa mizigo, anaweza kunisaidia na hili gunia?"

Nilingoja aseme mimi ni nani kwake. Mama mkwe alitazama basi.

"Anabeba vizuri," akasema.

Nikalibeba.