Hatua Ishirini za Mchanga

Ilianza Jumatano, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mtangazaji aliposoma jina langu kwenye kipaza sauti akalikosea, na watu wa mwalo wetu wa wavuvi wakamrekebisha wote kwa pamoja. Heri wasingelijua.

Yalikuwa mashindano ya kimataifa ya vijana, ya kupiga makasia ufukweni, na mwaka huu yalikuja kwetu Rumonge, kando ya ziwa. Wenzangu walifurahi kwamba tunashindania nyumbani. Mimi nilikuwa nimeomba Mungu yapelekwe kwingine, popote pale asipokuwepo mtu anayemjua mama yangu. Huko ningeshindwa, nikarudi, nikaeleza ninavyotaka. Hapa, mama aliyeniuzia maandazi tangu darasa la kwanza alikuwa amesimama mbele kabisa, beseni kichwani, ananipungia mkono.

Mbio zenyewe ni fupi. Mnashindana wawili wawili. Unakimbia mchangani, unarukia mashua inayoshikiliwa na wenzako wawili, unakwenda kuzunguka boya la mwisho, unarudi, unashuka na kukimbia hatua kama ishirini hadi kwenye bendera yako. Anayeing'oa kwanza anaendelea. Mwingine basi.

Kwangu hiyo "basi" ilikuwa nzito. Nilikuwa nimekosa shule wiki mbili kwa ajili ya mazoezi, na huu ni mwaka wa mtihani wa serikali. Mama anauza mawese sokoni na si mtu wa maneno mengi. Aliniambia: "Wende. Ukipita siku ya kwanza, nitanyamaza. Usipopita, hayo mambo ya maji yaishe. Tumeelewana?" Nikasema ndiyo. Mimi kwa mama husema ndiyo kila mara. Watu wanaita utii, lakini ni kuogopa tu maneno yatakayofuata.

Asubuhi hiyo sikula. Chai niliiacha kikombeni. Kocha akaja kuchuchumaa mbele yangu. Ametokea Uvira, Congo, na akishikwa na wasiwasi anaongea haraka.

"Uko sawa?"

"Niko sawa."

"Uongo. Haukukula kitu. Sikiliza. Kwa maji hakuna kitu nitakufundisha leo. Shida yako iko muchangani. Mashua ikigusa tu muchanga, si yako tena. Ni ya wale wenzako. Wewe unafanya nini?"

"Nakimbia."

"Rudilia."

"Nakimbia, kocha."

Aliniambia nirudie mara nne. Nilidhani ananiona mjinga.

Mpinzani wangu alikuwa msichana wa Tunisia, mrefu, nywele amezifunga kwa kamba ya kiatu. Alinitabasamia. Sikujua nifanye nini na uso wangu, nikaangalia chini, nikaona miguu yake. Ilikuwa miguu ya kukimbia kweli.

King'ora kikalia. Mchangani aliniacha, kama nilivyoogopa. Kisha nikawa ndani ya mashua, makasia mkononi.

Kwa makasia haya unaipa mgongo njia unayokwenda. Kwa hiyo wakati wa kutoka niliuona mwalo wote umenikodolea macho, na kila nilipovuta nilitamani wawe wadogo zaidi. Wakawa wadogo. Nilipozunguka boya nikawapa mgongo wote, nikabaki na maji na milima ya Congo ng'ambo. Hapo ndipo nilipomwona yule msichana mbele ya macho yangu, maana yake yuko nyuma. Nilimwona mpaka meno alivyoyauma. Nikahesabu pengo: urefu wa mashua moja, kisha moja na nusu. Hofu yangu haikupungua, ilibadilika tu. Mwanzo niliogopa kushindwa, sasa niliogopa kuharibu.

Mashua ikagusa mchanga. Nikaruka, maji magotini. Wimbi likaisukuma ile mashua ubavuni, nami nikaishika pembeni kwa mikono miwili, nikaanza kuivuta nchi kavu.

Likizo zangu zote za utotoni nilikaa Minago kwa mjomba wangu mvuvi. Kule hakuna anayeshuka majini akaacha mtumbwi nyuma yake. Utauacha mara moja, upepo uubebe, nawe upigwe. Na mtu yeyote akivuta mtumbwi, aliye karibu anaacha anachofanya anakuja kusaidia, hata kama hamsalimiani. Basi mwalo nao ukafanya kazi yake. Wavuvi watatu waliinama chini ya utepe wa kuzuia watazamaji wakaingia majini na viatu vyao.

"Hooo, vuta! Tena! Hooo!"

Wenzangu wawili walikuwa wananinyang'anya mashua huku wakikaribia kulia. "Acha! Kimbia! We, kimbia!"

Niliwasikia. Nilisikia hata sauti ya kocha. Lakini mikono ilikuwa imeshika, na sijui nieleze vipi, ilikuwa na uhakika kuliko mimi. Nilipoinua kichwa, msichana wa Tunisia alikuwa anainamia bendera.

Nikakimbia hata hivyo. Nyuma yangu mvuvi mmoja alisema, ameridhika kabisa: "Bon, basi. Sasa haiendi popote."

Mwamuzi alisema wale wavuvi hawakumzuia mtu, matokeo yanabaki. Kocha alikuja akakaa mchangani kando yangu.

"Ulifanya nini?"

"Nilivuta mashua."

"Niliona," akasema. Akaanza kucheka, akajizuia, akaniwekea taulo kichwani. Ndani ya ile taulo nikalia.

Njiani kwenda nyumbani kijana wa pikipiki alipaza sauti: "Dada! Kesho njoo utuvutie na yetu!" Wenzake wakapasuka kwa kicheko.

Habari ilifika sokoni kabla yangu. Mama alinipakulia ugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani, akanitazama nikila.

"Kesho shule," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Hakunisema. Heri angenisema, ningepata pa kuweka hasira. Nilikula taratibu, na kila tonge nilirudia jambo lile lile: majini nilikuwa mbele. Nikaona kwamba ile "ndiyo" niliyomjibu alipotaka mambo ya maji yaishe ilikuwa ya uongo, na kwamba nitalazimika kumwambia. Hilo lilinitisha kuliko king'ora.

Asubuhi ya Alhamisi nilivaa yunifomu, nikaweka daftari la hesabu kwenye mfuko. Mama alikuwa mlangoni anamimina mawese kwenye chupa. Nikasema, nikiangalia ile chupa: "Mama, leo naenda shule. Saa kumi naenda majini."

Aliendelea kumimina mpaka chupa ikajaa. Sikungoja ajibu. Nilivuka barabara nikaenda shule, nikafika kabla mlinzi hajafungua geti.