Baba Alipojinunulia Gari

Baba yangu aliendesha magari mengi kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu wa Bondeni, na hakuwa na lake. Kazi yake ilikuwa bandarini, kuteremsha magari melini. Meli ikishafunga gati, yeye na wenzake waliingia tumboni mwake, kila mmoja akakamata usukani wa gari lililotoka Japani, akaliteremsha taratibu hadi yadi ya kungojea ushuru, kisha wakarudishwa melini kuchukua mengine. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika chache. Alizifanya safari hizo kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila jioni alirudi nyumbani kwa miguu.

Nilipokuwa mdogo alituhadithia magari kama wengine wanavyohadithia watu. Hili lilikuwa zito la kuamka. Lile lilikuwa na sauti ya mwanamke ndani, ikimsemesha Kijapani, naye akaiitikia kwa adabu. Mama alikuwa akicheka mpaka akashika mbavu.

Alipostaafu akapewa kiinua mgongo. Mama alitaka wafungue duka dogo hapo barazani. Baba alitaka gari. Dogo tu, alisema, la saluni, lenye injini isiyokunywa mafuta na vipuri vinavyopatikana kila mahali. Mama akanyamaza, na kwa Mama hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Tulikwenda mimi na yeye, Jumamosi moja, kwenye yadi ya magari kule Shimanzi, nyuma ya maghala. Wakati huo nilikuwa nimeshatimiza miaka thelathini, nafanya kazi kwenye duka la dawa Mji wa Kale, na sikujua hata kuwasha gari. Nilifuatana naye kwa sababu alinitaka.

Baba aliyakagua magari kwa mikono. Alipitisha vidole kwenye mianya ya milango, akagonga bati akasikiliza, akainama kupapasa tairi moja moja. Mwenye yadi, bwana mmoja wa bara, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ni nadra kumpata mzee anayejua gari namna ile. Nilijiona mimi ndiye niliyesifiwa. Baba akanitaka nimsomee kilomita, kisha karatasi iliyobandikwa kiooni, akasema miwani ameisahau nyumbani. Nikamsomea. Alipolikubali moja, aliniuliza kama kweli ni jeupe au ni la kijivu hafifu. Nilidhani ananitania.

Mwenye yadi akampa ufunguo ajaribu kuliendesha. Baba akampisha dereva wa pale, akapanda kiti cha nyuma.

"Ya watu nimeyaendesha mpaka nimekinai," akasema. "Hili nataka nikae."

Tukacheka sote. Dereva huyohuyo ndiye aliyetuletea gari hadi Bondeni, akaliegesha kando ya ukuta wetu.

Kila alfajiri, akitoka msikitini, Baba aliliosha. Alilipangusa hata ndani ya mdomo wa tangi. Kulitoa pale hakulitoa. Aliniambia niende chuo cha udereva, nami nikasema nitakwenda, baada ya Ramadhani, kisha baada ya kuhesabu dawa za dukani, kisha sikumbuki baada ya nini. Alinikumbusha kila wiki, na kila wiki sauti yake ilikuwa ya upole zaidi. Sikujua kwamba ananiomba.

Asubuhi moja dada yake Mama, anayekaa Changamwe, alipiga simu kwamba hajiwezi. Mama akavaa buibui lake akatoka, akasimama kando ya gari. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi: gari lipo, dereva yupo, kwa nini apande tuktuk. Baba akatoa sababu mbili tatu, Mama akazijibu zote. Mwishowe Baba akachukua ufunguo.

Hawakutoka Bondeni. Pale kona, Baba aliikumba meza ya mama mmoja aliyekuwa akiuza mahamri kila asubuhi, upande wa kushoto. Karai likapinduka na mafuta yakamwagika njia nzima. Mwenyewe alikuwa ameinuka dakika hiyohiyo kuingia ndani kuchukua unga.

Nilipigiwa simu dukani, nikaja mbio. Nilimkuta Mama ameketi kizingitini mwa nyumba ya watu, na Baba bado yuko kwenye usukani, injini inanguruma. Yule mama wa mahamri hakuwa akigomba. Alikuwa amesimama akikitazama kigoda chake kilichovunjika. Nikainama dirishani nikamwambia Baba azime gari. Akalizima.

"Sikuiona meza, mwanangu," akasema. "Upande huo sioni kitu. Ni muda sasa."

Hospitali walisema ni presha ya macho. Daktari alitueleza kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kwamba dawa ya matone, ingetumiwa mapema bila kuachwa, ingelinda kilichobaki. Ndipo Baba akatoa yote. Alikuwa akijua tangu kabla ya kustaafu. Aliyakwaruza magari mawili akiyateremsha melini, na msimamizi wake, kwa kumsitiri, akamhamishia langoni, awe wa kufungua na kufunga. Sisi hakutuambia. Alikwenda kwa daktari peke yake, akaandikiwa matone, akawa akiyanunua mbali, asije akakutana na mimi. Kisha yakamwasha, akayaacha. Dawa hiyo mimi naiuza. Kila siku nampa mtu kichupa chake na kumwonya asikose hata siku moja.

Nilimkasirikia mno. Usiniulize nilimkasirikia nani hasa. Nilimwuliza, ikiwa alijua, gari alilinunulia nini.

"Nilidhani nitapata mwaka," akasema. "Mwaka mmoja ulikuwa ukinitosha."

Nikaenda chuo cha udereva wiki ileile. Nilipopata leseni, Baba alikuwa akiona mwanga na kivuli tu. Nilianza kumtoa kila Jumapili. Alikaa kando yangu, mikono juu ya magoti, akisikiliza injini, akinambia nimeshika breki kwa pupa au nimechelewa kuiachia. Siku moja tukielekea Changamwe akaniuliza tumefika wapi. Nikamwambia Kibarani.

"Zamani ningejua kwa harufu," akasema. Jaa la taka lilikuwa limeshaondolewa, pamepandwa nyasi na miti. Akanitaka nimweleze palivyo. Nikamweleza miti, nikamweleza foleni ya malori. Akauliza maji ya bahari kando ya barabara yako vipi. Maji yalikuwa yamekupwa, limebaki tope tupu, nami nikamwambia ni ya buluu, yamejaa. Akageuza uso wake dirishani na kuuacha huko mpaka tukavuka.

Baada ya miezi akaanza kuniambia amechoka, niende peke yangu. Kisha akaniambia niliuze. Nilikataa mara mbili, na mara ya tatu nikaona ninachokikataa si kuuza gari.

Alikuja kulitazama bwana mmoja anayefanya kazi ofisi za reli, pamoja na mkewe. Baba alitoka akapokea shikamoo zao, akawaeleza kila kitu mwenyewe: bonyeo lililobaki kwenye bampa na lilivyopatikana, mkanda wa injini wa kuangaliwa, mafuta ya kutia. Yule bwana akamwuliza kwa heshima kama ameliendesha sana.

"Kutoka hapa mpaka pale kona," akasema Baba, akanyoosha kidole. Alikielekeza ukutani. Hakuna aliyemsahihisha.

Walipoondoka nalo, Mama aliingia ndani, nikamsikia analia jikoni, yeye ambaye hakulitaka tangu mwanzo. Baba alibaki amesimama barazani, kichwa amekiinamisha upande, akilisikiliza.

"Ameshika njia gani?" akaniuliza.

"Ya Makupa."

"Saa hizi malori ni mengi. Mwambie asifuatane nayo karibu."

Nikamwambia ameshakwenda. Akaitikia kwa kichwa. Nikamshika mkono aingie ndani, akasema bado, basi tukakaa hapohapo mpaka adhana ya adhuhuri.