Uso wa Mama Kwenye Fulana za Mchanganyiko

Mimi sijui kukaa. Hata nikiandika haya nimeshainuka mara kadhaa kwenda kuiangalia mashine, na mashine yenyewe imezimwa. Shule niliiacha mapema, mikono ndiyo iliyonisomesha. Nilianza kwa kuandika mabango kwa brashi hapa Kariobangi. Leo kibanda ni changu, mashine ni zangu, na picha nikiipiga kwenye fulana, fulana itachanika kabla picha haijatoka. Nasema hivyo bila haya.

Kazi yenyewe si uchawi. Picha inachapishwa kwa wino maalumu kwenye karatasi, karatasi inalazwa juu ya fulana, kisha kifuniko cha moto kinashuka na kubana. Wino unageuka mvuke na kuingia ndani ya uzi. Ila unaingia kwenye poliesta tu. Pamba inaukataa.

Ijumaa moja asubuhi alikuja mama mmoja na ndugu yake mdogo, dereva wa lori, mwanaume mzima mwenye ndevu. Walikuwa wamefiwa na mama yao. Walitaka uso wake kwenye fulana za familia yote, na gari la kubeba mwili lilikuwa linaondoka alasiri kwenda nyumbani kuzika. Siku hizi mtaani kwetu, msiba usio na fulana za picha watu husema marehemu hakuwa na wenyewe.

Nikazishika fulana walizokuja nazo. Laini mno.

"Kwa simu nilisema poliesta," nikamwambia yule dereva.

"Lebo inasema poliesta, mzee. Nimezitoa Eastleigh mimi mwenyewe."

"Lebo iliandikwa na mtu anayetaka kuuza."

Nikavuta uzi kwenye pindo, nikawasha kiberiti.

"Hee!" dada yake akaruka. "Mzee, unachoma nguo za mazishi?"

Poliesta tupu ikiungua hujikunja ikawa kidonge kigumu. Pamba huwa jivu na kunuka karatasi. Uzi ule ulifanya yote mawili.

"Huu ni mchanganyiko," nikasema. "Uso wa mama yenu utatoka kama nguo iliyofuliwa mwaka mzima."

"Jaribu moja," dada akasema. "Labda."

Nikajaribu. Kifuniko kikiwa chini nilienda mlangoni nikarudi, nikaenda tena. Nilipobandua karatasi, mama yao alikuwepo, lakini kwa mbali, kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Macho yamefifia, leso ya kichwani imepauka. Dada akaziba mdomo. Kisha akamgeukia ndugu yake.

"Kazi moja tu ulipewa. Moja!"

"Mimi nitajuaje? Nyeupe si ni nyeupe?"

"Wewe hata chaki ungeuziwa ukaambiwa ni sukari!"

Kurudi Eastleigh kubadilisha haikuwezekana. Ijumaa barabara ya First Avenue kule haipitiki. Angerudi akute jeneza limeshaondoka. Nikazunguka kibanda. Kwenye kona kulikuwa na jora la kitambaa cheupe cha poliesta, kile cha kushonea jezi za mpira. Nikalipiga kofi.

"Nyuso nitazipiga hapa. Tunazikata, fundi wa cherehani hapo jirani anazishona kifuani."

"Viraka?" Sauti ya dada ilipanda. "Mama tumzike tukiwa na viraka? Watu wa nyumbani watasema tumeshindwa kumvalia nguo nzima!"

"Mimi nimevaa viraka mpaka nikaota ndevu," nikamjibu. "Kiraka cha aibu ni kile cha kuficha tundu. Hiki kinaonyesha mtu. Amua, mama, jua linaenda."

Akautazama tena ule uso uliofifia.

"Kata. Lakini kingo zipindwe vizuri."

Basi hapo nikapata raha, maana raha yangu mimi ni haraka. Stima ilipepesa mara moja, nikaitukana, ikatulia. Nikabandua karatasi ya kwanza, na mama yule akatokea na rangi zake zote, leso ya kijani, kasoro ndogo kwenye nyusi, na tabasamu.

"Ona pengo lake!" dada akasema, akicheka huku machozi yanamtoka. "Alikuwa analificha kwa mkono."

Fundi akashona bila kuinua kichwa. Gari lilipofika kumchukua dada na mizigo yake, ilibaki fulana moja tu isiyo na kiraka, ile ya majaribio.

"Hiyo nayo ishonewe kiraka juu," dada akasema.

Ndugu yake akainyakua mezani, akaivaa.

"Hii yangu."

"Vua. Unatuaibisha."

"Mimi ndiye niliyezinunua. Sivui."

Dada akaenda kupakia fulana garini. Mimi nikamvuta yule dereva pembeni. Kazi ikitoka kwangu, mwenyewe lazima aambiwe ukweli wake.

"Kijana, humo wino mwingi umekaa juu ya pamba, haukushika. Ukiifua, mama yako anaondoka na maji."

Akajitazama kifuani.

"Kwa hivyo nisiifue mpaka lini, mzee?"

Gari likapiga honi, akatoka, mkono ameuweka kifuani kama mtu anayezuia upepo.

Nikarudi ndani. Hakukuwa na kazi nyingine siku hiyo. Nikaiwasha mashine hivyo hivyo, nikasimama kando yake ikipata moto.