Pedi ya Pili

Asubuhi niliyoacha shule sikujua kwamba naiacha. Nilitoka nyumbani Nyahanga nimevaa sare, matobolwa ya viazi vikavu mfukoni, na pedi ya gemu ndani ya shati, waya wake nimeuzungusha kiunoni kama mkanda. Kwenye njia panda wenzangu walikata kushoto kwenda shuleni. Mimi nikakata kulia, kwenye barabara ya malori. Mpango sikuwa nao. Nilikuwa na rafiki aliyehama, basi.

Ninyi mliokua Kahama miaka ile ya tisini mnajua kwamba mchezo ulitengenezwa kwanza, ndipo ukachezwa. Gari lilikuwa la mabua ya mtama, mpira wa matambara na nailoni. Hata kombolela ilihitaji kopo tupu, na kopo tupu nalo lilikuwa na mwenyewe. Kwa hiyo mimi na Masanja, jirani yangu tuliyekaa naye dawati moja, tulipoona mashine ya gemu dukani kwa Baba Nilesh, hatukusema "tununue". Tulisema "tuunge".

Baba Nilesh aliuza vitambaa, misumari na taa za chemli. Mwanawe Nilesh alikuwa amekwenda kusoma Mwanza, akaiacha mashine yake, na baba akaiweka kwenye kabati la kioo, pedi yake ya pili ikiuzwa peke yake pembeni. Mzee yule alijua biashara. "Anayetaka kucheza na mwenzake," alisema, "alipie na mwenzake." Tuliichungulia mpaka pua zetu zikaacha alama kwenye kioo.

Lakini mashine ilitaka televisheni, na kwa kuwa umeme haukufika kwetu, televisheni ilitaka betri. Baada ya mavuno tuliingia kwenye majaruba kuokota masuke ya mpunga yaliyoanguka; desturi ya kwetu masalio ni ya watoto. Mama alitukuta tukipepeta, akaguna. "Gemu inaliwa? Haya, chezeni, mtashiba."

Televisheni tuliipata kwa fundi redio, ndogo, isiyo na rangi, imepasuka ubavuni. Tulipofika kwa Baba Nilesh, mpunga wetu ulitosha mashine, na kilichobaki kilitupa chaguo moja. Ama betri nzuri ya lori, ama betri iliyochoka pamoja na pedi ya pili. Mimi nilitaka pedi. Masanja akanicheka mbele ya wateja.

"Bhebhe, wewe Shija, betri ikifa, pedi mbili utazitafuna?"

"Sasa tutacheza mmoja mmoja kama watu waliogombana?"

"Tutapokezana. Pedi haikimbii. Tutainunua tu."

Tukachukua betri nzuri. Alikuwa na akili, na ndiyo maana inaniuma mpaka leo. Hesabu yetu ilikuwa sahihi.

Mashine ilitaka nguvu ndogo kuliko ya betri nzima, kwa hiyo fundi alitoboa betri katikati, akapigilia msumari wa kuchukulia moto wa kiasi. Msumari ukalegea. Mmoja akicheza, mwenzake alikandamiza waya kwa kitambaa, na akipiga chafya, gemu inazimika. "Umepiga chafya makusudi!" Masanja alilalamika kila aliposhindwa. Watoto wa mtaa mzima walijaa kwetu. Bibi alimtazama yule mtu mdogo anayerukaruka kwenye kioo, akauliza kama kwao hana wazazi wa kumkataza. Mwishowe fundi alituonea huruma, akauchomelea waya ukatulia. Siku hiyo mikono yetu minne ilikuwa huru, na pedi moja.

Kiangazi kile majani yalikwisha. Baba yake Masanja akaamua kuhamishia ng'ombe upande wa Geita, na familia yote nyuma yao. Masanja aliniambia huku akichora chini kwa fimbo. "Tucheze wawili hata mara moja, Shija. Kabla hatujaswaga ng'ombe."

Yeye hakuweza tena kutoka zizini. Nikawa natoroka shule peke yangu kubeba maji ya wafyatua matofali, ndoo kichwani, mpaka pedi ikapatikana. Baba Nilesh aliifunga kwa gazeti. "Hatimaye umemlipia mwenzako," akasema. Nilikimbia njia nzima. Nikakuta miiba ya zizi imesogezwa kando, samadi bado mbichi, na kuku mmoja waliyemsahau akitembea uani kama mwenye nyumba. Walikuwa wameondoka alfajiri, kabla jua halijawachosha ng'ombe.

Pedi kweli haikukimbia.

Mpwa wangu siku hizi anaunga kompyuta ya gemu kipande kwa kipande, kama sisi. Anashinda akilinganisha bei za kadi ya picha, kumbukumbu, na feni zenye taa. Feni zenye taa, jamani, kwa mashine inayokaa chini ya meza! Nilimuuliza pedi ya pili iko wapi. "Ya nani, anko? Siku hizi kila mtu anacheza kwake." Anacheza na mtu wa Brazili asiyemjua hata jina, na umeme ukikatika hawaagani. Namcheka, kisha najikuta namwonea wivu. Laiti tungekuwa na huo uchawi wao, Masanja angehama na tungeendelea kucheza. Badala yake nimezunguka migodi na minada yote ya ukanda huu, nimefanya kazi zisizohesabika, na kila penye ng'ombe wengi bado nauliza.

Siku ile ya kwanza nilidandia lori la magunia, nikauliza Bulyanhulu, nikauliza njiani, na jua linazama nikashuka Geita. Mama mmoja alikuwa akiosha sufuria mbele ya mgahawa wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na sare hiyo, shule yako iko wapi? Umeficha nini tumboni?"

"Pedi ya gemu."

"Gemu yenyewe iko wapi?"

"Nyumbani. Namtafuta wa kucheza naye. Wamepita hapa na ng'ombe."

Alianza kucheka, akaniangalia vizuri, akaacha. "Ng'ombe wanapita hapa kila mara, mwanangu. Hawaachi majina."

Akanipa wali uliobaki na magunia mawili nyuma ya jiko, kwa sharti kwamba asubuhi nitachota maji. Nikajilaza kwenye gunia moja, kando ya ukuta. Nikaitoa pedi shatini, nikauviringisha waya wake vizuri, nikaiweka kwenye gunia la pili.