Tarehe Tisa Kila Alfajiri

Seremala yule alikuwa mtu wa maneno machache. Mkewe alimpachika jina la Gundi. "Mdomo wake ukishashika," aliwaambia wageni, "tafuta patasi." Wageni walicheka. Naye alitabasamu, akaendelea kupiga msasa. Waliishi hivyo miaka thelathini na minane, mmoja akisema kwa wawili, mwingine akisikiliza kwa wawili.

Shule hakwenda. Kusoma hajui. Namba anazijua, futi ya kupimia ilimfundisha. Mkewe alipostaafu ukarani akaja nyumbani na kompyuta kuukuu, akamfundisha mumewe mambo mawili tu: kuiwasha, na kurekebisha tarehe.

"Betri yake ndogo imechoka," alisema. "Umeme ukikatika inasahau leo ni lini. Ikisahau, ikumbushe."

Tarehe tisa mwezi wa tatu, mwaka uliopita, mama huyo alidamka kwenda hospitali. Kabla ya kutoka alirekodi sauti ndani ya kompyuta, imwite mumewe siku hiyo saa kumi na mbili kamili. Ilimwita. "Gundi, nimetangulia hospitali. Chai iko kwenye chupa. Kofia usisahau, jua la leo si la mchezo."

Wakamlaza. Mwezi wa nne wakamzika.

Tangu hapo seremala huamka kabla ya kumi na mbili. Huwasha mashine, huirudisha tarehe tisa mwezi wa tatu wa mwaka ule, huketi. Sauti ikishasema, hunywa chai, huvaa kofia, huenda karakana. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na aseme nini?

Jumatatu binti yake alikuja na begi, na kompyuta yake imepasuka kioo.

"Baba, naomba ya mama. Wiki hii tu."

Alikuwa kwenye majaribio ya kazi, kampuni ya mita za maji. Bosi wake alikuwa amesema wazi: kompaila iwe tayari Ijumaa, la sivyo mkataba hausainiwi.

"Kompaila ndiyo nini?" aliuliza seremala.

"Programu. Inageuza tunayoandika sisi iwe kitu ambacho mashine inakielewa. Ya mita zetu haipatikani ikiwa tayari. Maandishi yake ninayo, lazima niijenge mwenyewe."

"Unaijenga kwa kifaa gani?"

"Kompaila nyingine, ya zamani."

Seremala aliitikia kwa kichwa. Randa yake ya kwanza aliichonga kwa randa ya fundi wake. Hilo halikumshangaza.

Jumatatu ilikwama; kulikuwa na kipande kimekosekana. Jumanne binti akakileta kutoka kazini, ikakwama tena. Aliipa mashine kazi nane kwa mpigo, ikaelemewa. Akaipunguzia hadi mbili. Jumatano ikaja na vituko vipya. Ilikwenda kidogo, ikarudi mwanzo. Ikaenda, ikarudi.

"Imejaribu mara mia moja, eti bado!" Binti alishika kichwa. "Hii imerithi ubishi wa mama."

Seremala alicheka kwa pua. Muda mrefu alikuwa hajacheka.

Alhamisi jioni binti alikuwa hajala. Maandishi yalipanda kwenye kioo kama mchwa. Seremala alimwekea sahani, akasimama nyuma ya kiti.

"Unasoma wapi hapo?"

"Mwisho. Ilipokwama."

"Mimi meza ikiyumba siangalii mguu unaoyumba. Naanza na ubao niliokata kwanza."

"Baba, hii si meza."

"Haya."

Seremala akamsogezea sahani. Binti akashusha pumzi, akaanza kupandisha maandishi, juu, juu, hadi mstari wa kwanza kabisa. Akausoma mara mbili.

"Onyo. Hili nililiruka siku zote. Inasema mafaili haya yameandikwa siku ambayo haijafika." Akageuka. "Haijafika vipi, na nimeyaleta Jumatatu? Ona. Inajenga kipande, inakilinganisha na maandishi, inaona maandishi ni mapya kuliko kipande. Inadhani nimebadilisha kitu. Inaanza upya. Hapa saa iko sawa, sijui..."

Kona ya kioo ilionyesha saa tu. Tarehe haikuonekana.

Seremala alitazama mikono yake. Angeweza kungoja binti aende kuoga, akairekebisha, mambo yakaisha. Lakini ujenzi ule ungechukua usiku mzima, na alfajiri angeamka. Alijijua. Alfajiri mkono wake ungekwenda wenyewe.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Tarehe. Nairudisha mimi."

"Unairudisha wapi?"

"Kwa mama yako."

Akamweleza. Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema tangu mazishi, na bado hayakufika dakika mbili. Binti hakukasirika. Alifunika mdomo kwa kiganja. Alikuwa hajui kwamba ile sauti ipo; alfajiri zote hizo alikuwa amelala.

"Baba," alisema mwishowe, "sauti ni faili tu. Naweza kuitoa, nikaiweka kwenye simu yako. Utaisikia siku yoyote, saa yoyote."

Seremala aliwaza. Siku yoyote. Kitu cha kusikika siku yoyote, asingekiacha siku hata moja.

"Itoe," alisema. "Isipotee. Lakini kaa nayo wewe. Nikiitaka nitakuomba."

Binti alifungua kalenda, akainuka kitini. "Irekebishe mwenyewe. Alikufundisha wewe."

Seremala akaketi. Akabonyeza mshale. Mwezi wa nne ukapita. Hapo kidole kilisimama. Binti aliweka mkono begani kwake. Akabonyeza tena. Wa tano, mvua. Wa saba, arobaini ilishapita na watu hawaji tena. Wa kumi, alianza kupika mwenyewe, akaunguza sufuria mbili. Mwaka mpya. Miezi kumi na minne, mmoja mmoja, hadi leo.

Binti alifuta vyote vilivyojengwa, akaanza upya kutoka maandishi. Maandishi yakapanda. Safari hii hayakurudi.

Alfajiri seremala aliamka kama kawaida. Mashine ilikuwa inanguruma, bado inajenga. Binti amelala juu ya meza, shavu kwenye mkono. Saa kumi na mbili ikafika. Hakuna aliyesema kitu. Aliketi akaisikiliza dakika ile hadi ikaisha, kisha akaenda jikoni, akachemsha maji.

Saa moja kasoro maandishi yalisimama. Binti aliamka, akasoma mstari wa mwisho, kisha akapanda kuusoma wa kwanza.

"Baba! Imekubali!"

Alikuwa mlangoni tayari, amevaa kofia.

"Chai iko kwenye chupa," alisema. "Funguo usisahau."