Msiba wa Sura ya Pili

Mjukuu wangu alirudi kutoka chuo kikuu na furushi la makaratasi, akajifungia chumba cha mbele. Alikuwa anaandika juu ya ngoro, yale mashimo tunayolimia huku Mbinga milimani ili mvua isitusombee shamba. Sura ya pili ilitakiwa ieleze waliotangulia waliandika nini. Msimamizi wake alikwisha kuirudisha, akamwonya: ikija tena vilevile, hahitimu na wenzake.

"Anasema nimewapanga foleni, bibi. Huyu kasema hivi, huyu naye kasema hivi. Anataka niwaunganishe."

Mimi darasani sikukaa sana, lakini jina likiniingia sikioni halitoki. Nikamwambia asome kwa sauti, nimshikie majina. Akisahau nani anafuata, namtajia, Wajapani kwa Wazungu, najidai kama katekista.

Sasa, siku hiyo wifi yangu alipanda kutoka ziwani, alikoolewa, na ndoo yake ya usipa, vile visamaki vya huko. Hatukuwa na habari naye. Anafika uani, anasikia nini? Majina ya watu, moja baada ya jingine, kila jina na mwaka wake, binti anasoma kwa sauti iliyochoka na mimi naitikia. Kwetu majina husomwa hivyo kanisani mwezi wa Novemba, ya marehemu. Wifi akatua ndoo, akajifunga khanga kiunoni, akaingia analia.

Alilia vizuri, sitamnyima sifa yake. Alimwita kaka yake, marehemu mume wangu, akauliza nyumba ameiachia nani. Mjukuu akanitazama, nami nikamtazama. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Wifi, unacheka msibani?"

"Hakuna aliyekufa."

"Na wote hao waliosomwa?"

"Hao wameandika vitabu," mjukuu akasema. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wameandika vitabu ndiyo mnilize?" Akaketi mkekani, akajifuta macho. "Machozi yangu hayarudi ndani. Nimefika, nimelia, nipeni habari."

Hapo hatukuwa na ubishi. Kwetu anayechelewa msibani, akishalia, hupewa habari na mtu mmoja, kwa kinywa kimoja, hata kama imetoka kwa ukoo mzima. Nikakohoa, nikaanza: fulani alisema hivi, fulani naye akasema hivi. Sikufika mbali, wifi akainua mkono.

"Wewe unanitajia waliohudhuria. Mimi nauliza marehemu aliugua nini. Mjukuu, hebu sema wewe, huyu atatuchelewesha."

Mjukuu alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. "Mgonjwa ni ngoro, bibi. Wote wanakubali inashika udongo, hapo hakuna aliyebisha. Wanagombana kwa nini watu wanaiacha. Upande mmoja unasema kazi yake inavunja mgongo. Wengine wanasema kahawa imekula mashamba."

"Wanawake wanaochimba wanasemaje?"

Mjukuu akarudi kwenye makaratasi. Akafunua karatasi moja, akafunua nyingine. Kwetu wanaume hufyeka majani na kuyapanga, kuchimba na kufukia ni sisi.

"Hawa nilionao waliwauliza wenye mashamba tu, wanaume."

"Wenye mashamba," wifi akasema, akanigeukia, tukaanza kucheka upya, tukashikana mabega tusianguke.

Mjukuu hakuwa anacheka tena. Alikuwa anaandika, na midomo yake inarudia alichotuambia: wanakubaliana wapi, wanagombana wapi, nani hakuulizwa. Usipa ukaiva, hakuja kula.

Aliponisomea, nilinung'unika. Majina yangu yote, niliyoyashika kwa taabu, yalikuwa yamebanwa mwisho wa sentensi, ndani ya mabano, matatu matatu kama kuku sokoni.

"Ndivyo inavyotakiwa, bibi."

"Hata salamu hawapati?"

Jibu la msimamizi liliingia kwenye simu wifi angali kwetu: sura imepita, aende sasa akawaulize hao wanawake. Mjukuu alinibeba mzimamzima, pamoja na uzee wangu. Kisha akavuta kigoda mbele yangu, akashika kalamu.

Wifi akakisogeza kigoda kwake. "Ngoro nimezichimba humuhumu kabla hawajanioza ziwani," akasema. "Na aliyelia ni mimi. Naanza mimi."